HD DVD au Blu-ray: gigabaiti 15 kwa 25, na ipi ya kununua leo

Kwenye masoko ya mtandaoni ya vitu vilivyotumika, hasa ya Marekani na Uingereza, deki za HD DVD, mfumo wa diski za filamu ulioshindana na Blu-ray ukashindwa, bado zinauzwa, mara nyingi pamoja na rundo la filamu na kwa bei inayoshawishi. Mtu mwenye ndugu huko anayerudi nyumbani mwezi ujao na nafasi kidogo kwenye begi anajiuliza: nimwagize hiyo, au niongeze hela nipate ya Blu-ray? Mwingine hana haja ya filamu, ila ana video za harusi na mazishi za miaka kumi zilizoijaza kompyuta yake, naye ana swali la kufanana na hilo: diski ipi inabeba zaidi, na ipi itasomeka nikiirudia watoto wakiwa wakubwa?

Jibu langu kwa wote wawili ni Blu-ray. Nalitoa mapema ili asiye na muda aondoke nalo. Ila sababu inayotajwa na wengi, kwamba gigabaiti 50 za Blu-ray yenye matabaka mawili ya data ni kubwa kuliko 30 za HD DVD ya namna hiyo, ni nusu ya habari. Zipo filamu ambazo tofauti hiyo haikuonekana kabisa, na zipo kazi ambazo tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Ukijua namba hizo zilikotoka, utajua kazi yako iko upande gani.

Leza ileile, kina tofauti

Wengi hudhani Blu-ray ina leza ya bluu na HD DVD ina nyekundu ya zamani. Sivyo. Zote mbili zinatumia leza ileile ya rangi ya urujuani, yenye wimbi la nanomita 405. Zilipoachana ni kwenye lenzi, na kwenye kina ambacho data imelazwa ndani ya plastiki.

Diski ina njia moja ndefu ya vishimo vidogo inayojizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni. Kadiri nukta ya mwanga inayosoma inavyokuwa ndogo, ndivyo vishimo vinavyoweza kubanana, na ndivyo diski inavyobeba zaidi. Nukta hiyo hupunguzwa kwa njia mbili: kufupisha wimbi la mwanga, au kuweka lenzi inayouleta mwanga kwa pembe pana zaidi. Upana huo wa pembe una namba yake. Kwa DVD ni 0.60. Toshiba na NEC, waliobuni HD DVD, walibadilisha mwanga na lenzi wakaigusa kidogo tu, ikafika 0.65. Kundi la Blu-ray, lililotangazwa Februari 2002 na kampuni tisa zikiwemo Sony, Panasonic, Philips na Pioneer, lilibadilisha vyote viwili na kupeleka lenzi hadi 0.85.

Sasa chukua kikokotoo. 405 gawa kwa 0.65 ni 623. 405 gawa kwa 0.85 ni 476. Nukta ya HD DVD ni pana kuliko ya Blu-ray kwa mara 1.31, na kwa kuwa data inatandazwa kwa urefu na kwa upana, unazidisha 1.31 kwa 1.31 na kupata 1.71. Zidisha gigabaiti 15 za HD DVD kwa hiyo: unapata 25 na ushei. Ubishi wote uliojaza magazeti ya teknolojia kwa miaka mitano umo kwenye hesabu hiyo ya mistari mitatu. Kila nikiirudia nafurahi upya, kwa kuwa hakuna tangazo la biashara linaloweza kuipinda.

Lenzi pana ina gharama yake. Haivumilii diski iliyopinda hata kidogo, na diski zote hupinda kidogo. Kosa linalotokana na mwinamo hukua kwa kasi ya namba ya lenzi ikizidishwa yenyewe mara tatu, kisha hukua tena kwa unene wa plastiki ambayo mwanga unapita. Ukiweka lenzi ya 0.85 juu ya plastiki ya milimita 0.6, kosa linakuwa zaidi ya mara mbili ya lile la HD DVD. Dawa ilikuwa moja, kusogeza data karibu na uso wa diski. Ndiyo maana data ya Blu-ray imefunikwa na ngozi ya milimita 0.1 tu, na ya HD DVD imebaki katikati ya diski, milimita 0.6 ndani, palepale ilipokuwa ya DVD.

Uamuzi huo mmoja ulizaa mengine yote. HD DVD iliweza kutengenezwa kwenye mitambo ya DVD iliyofanyiwa marekebisho, kwa hiyo viwanda viliipenda. Blu-ray ilidai mitambo mipya. Tena data iliyolala karibu na uso huumizwa na mkwaruzo mdogo, na diski za kwanza, zilizotoka Japani mwaka 2003 kwa ajili ya mashine ya kurekodi ya Sony, zilifungiwa ndani ya kasha la plastiki. Ingebaki hivyo, nadhani Blu-ray ingekufa. Kampuni ya TDK ndiyo iliyoiokoa kwa kupata mpako mgumu uliofanya kasha lisihitajike. Shika leo diski ya Blu-ray iliyopita mikono mingi, igeuze kwenye mwanga, halafu iweke kando ya DVD ya umri huohuo. Utaona kazi ya mpako ule.

Mwaka 2005 pande mbili zilikaa mezani kutafuta mfumo mmoja. Hazikupatana, na milimita 0.1 dhidi ya 0.6 ndiyo iliyokuwa mfupa mgumu, kwani hapakuwa na kina cha katikati ambacho kila mmoja angeondoka nacho akiwa ameokoa mitambo yake.

| | DVD | HD DVD | Blu-ray |
|---|---|---|---|
| Wimbi la leza (nanomita) | 650 | 405 | 405 |
| Namba ya lenzi | 0.60 | 0.65 | 0.85 |
| Kina cha data (milimita) | 0.6 | 0.6 | 0.1 |
| Nafasi kati ya mistari (mikromita) | 0.74 | 0.40 | 0.32 |
| Tabaka moja (gigabaiti) | 4.7 | 15 | 25 |
| Matabaka mawili (gigabaiti) | 8.5 | 30 | 50 |
| Kasi ya juu, picha na sauti (megabiti kwa sekunde) | 10.08 | 30.24 | 48 |

Pishi na mdomo wake

Mstari wa mwisho wa jedwali husahaulika, nao ndio unaosema gigabaiti zina faida lini.

Chukua filamu ya saa mbili, yaani sekunde 7,200. HD DVD ya gigabaiti 30 ukiigawa kwa muda huo unapata megabiti 33 kwa sekunde. Lakini mfumo wenyewe hauruhusu kuzidi 30.24. Kwa filamu hiyo, basi, chombo cha HD DVD kilikuwa kikubwa kuliko mdomo wake: huwezi kukimaliza hata ukimimina kwa kasi ya mwisho. Blu-ray ya gigabaiti 50 nayo inatoa megabiti 55 na mfumo unaishia 48. Kodeki, yaani njia za kubana video, mpya za wakati ule, VC-1 na H.264, zikishikwa na fundi mzuri zinaridhika na wastani wa megabiti 15 hadi 25 kwa picha ya 1080p. Ndiyo maana filamu nyingi za dakika 90 au 110 zilizotolewa kwenye mifumo yote miwili huwezi kuzitofautisha kwa jicho.

Ongeza saa moja. Filamu ya saa tatu kwenye gigabaiti 30 inabaki na megabiti 22, na humo zimo picha, sauti za lugha mbili tatu, maelezo ya mwongozaji na vipande vya nyongeza. Kwenye gigabaiti 50 ni megabiti 37. Hapo fundi wa HD DVD analazimika kuchagua cha kuacha, na wa Blu-ray hana haja.

Sauti nayo inakula. Sauti ya spika sita isiyobanwa, ya biti 24, inachukua karibu megabiti 7 kwa sekunde. Kwa saa mbili ni gigabaiti 6.2, zaidi ya DVD nzima ya tabaka moja. Studio za upande wa Blu-ray ziliiweka hivyohivyo mbichi, kwa kuwa nafasi ilikuwepo. Upande wa HD DVD uliegemea Dolby TrueHD, inayobana sauti bila kupoteza chochote, na ukailazimisha kila deki iweze kuisoma. Kwa sikio matokeo ni yaleyale. Napenda kuitaja hii kwa sababu inaonyesha ufinyu uliwafanya wahandisi wa HD DVD kuwa makini, na kwa hilo wanastahili heshima.

Kwenye karatasi na dukani

Hapa kuna jambo ambalo ulinganisho wa namba pekee hauwezi kulionyesha. Deki ya kwanza ya HD DVD iliingia Marekani Aprili 2006 kwa dola 499. Ya kwanza ya Blu-ray, kutoka Samsung, ilifuata Juni kwa dola 999. Filamu za HD DVD zilikuja tangu mwanzo na matabaka mawili, gigabaiti 30, na kodeki ya VC-1. Filamu za kwanza za Blu-ray zilikuja na tabaka moja, gigabaiti 25, kwa sababu kutengeneza matabaka mawili kwa wingi kulikuwa bado kugumu, na nyingi zilibanwa kwa MPEG-2, kodeki ya enzi za DVD inayotaka nafasi kubwa zaidi kwa ubora uleule.

Kwa hiyo kwa miezi kadhaa, dukani, mfumo uliojinadi kwa ujazo ndio uliokuwa na ujazo mdogo, tena ukiutumia kwa ulafi. Waliolinganisha picha wakati ule waliipa HD DVD ushindi, na walikuwa sahihi. Hali iligeuka mwishoni mwa 2006, diski za gigabaiti 50 zilipoanza kutoka na studio zikahamia H.264 na VC-1. Toshiba ilijibu Januari 2007 kwa kutangaza diski ya matabaka matatu, kila moja gigabaiti 17, jumla 51. Gigabaiti moja juu ya mpinzani. Hakuna filamu hata moja iliyowahi kuuzwa kwenye diski hiyo, kwa hiyo muuzaji akikuambia HD DVD inafika 51, anakuuzia tangazo.

HD DVD ilipokuwa bora

Kwa haki ya Mungu, yapo. Kila deki ya HD DVD, hata ya bei ya chini kabisa, ilitakiwa iwe na tundu la mtandao, kumbukumbu ya ndani, na uwezo wa kuonyesha picha ndogo ndani ya picha kubwa. Blu-ray iliyafikia hayo kwa awamu, na mtu aliyenunua deki mapema alibaki na mashine isiyoweza. Bei pia: Novemba 2007 kulikuwa na deki za Toshiba zilizouzwa Marekani kwa chini ya dola 100.

La tatu linatugusa sisi moja kwa moja. HD DVD haikuwa na vizuizi vya eneo. Blu-ray iligawa dunia sehemu tatu: Amerika na Japani ziko A, Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika yote ziko B, China, India na Urusi ziko C. Mjomba akikuletea kutoka Chicago filamu ya Blu-ray iliyofungwa kwa A, deki uliyonunua Nairobi au Dubai inaweza kuikataa. Angalau kwa Afrika Mashariki mgawanyo huu ni afadhali kuliko ule wa DVD, uliotuweka eneo la 5 mbali na Ulaya na Ghuba. Sasa diski ya London na ya Muscat zote zinasomeka Mombasa. Na Ultra HD Blu-ray, diski za 4K zilizoanza kuuzwa 2016, hazina kizuizi cha eneo kabisa.

Mwisho wa vita naupitia haraka, kwa kuwa hauhusu gigabaiti sana. PlayStation 3 ilitoka Novemba 2006 ikiwa na Blu-ray ndani yake, ikaingia nyumba nyingi ambazo hazikuwa na mpango wa kununua deki. Xbox 360 iliuza kisomaji cha HD DVD pembeni kwa dola 199, kwa filamu tu, michezo yake ikabaki kwenye DVD. Agosti 2007 studio ya Paramount iliegemea HD DVD. Tarehe 4 Januari 2008 studio ya Warner, iliyokuwa ikitoa kwa mifumo yote miwili, ilitangaza kubaki na Blu-ray. Tarehe 19 Februari Toshiba ikatangaza kuiacha HD DVD.

Ukinunua kwa ajili ya kutazama

Chukua Blu-ray, lakini kwanza angalia kama huna tayari. PS3 yoyote inasoma, PS4 yoyote inasoma, na PS5 yenye mlango wa diski inasoma hadi za 4K. Nimewakuta watu wanaotafuta deki na huku PS4 imekaa chini ya runinga yao, hawajawahi kuiwekea filamu. Kumbuka tu kwamba PS4 haisomi diski za 4K, hata ile ya Pro.

Kama bado moyo unavutwa na lile rundo la HD DVD, ziangalie diski zenyewe kabla ya kulipa. Tabaka mbili za HD DVD ni vipande viwili vya plastiki vilivyogundishwa, na watozaji wamelalamika miaka mingi kwamba baadhi zinaharibika zenyewe: filamu inaanza vizuri halafu inaganda katikati, pale ambapo deki inahamia tabaka la pili. Mwombe muuzaji aijaribu hadi mwisho, dakika kumi za mwanzo hazitoshi. Na kama una filamu ambayo haikutoka kwa mfumo mwingine, badala ya deki tafuta kisomaji cha kompyuta cha LG, GGC-H20L, kinachosoma mifumo yote miwili. Au kile cha Xbox 360, kinachochomekwa kwa USB hata kwenye kompyuta. Ni vyepesi kubeba na haviongezi mashine nyingine chini ya runinga.

Ukinunua kwa ajili ya kuhifadhi

Hapa gigabaiti ni kila kitu, na hapa ndipo HD DVD inapoachwa mbali. Kamera nyingi za video za harusi hurekodi megabiti 50 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, gigabaiti 15 ni dakika 40 kamili. Gigabaiti 25 ni dakika 66. Harusi iliyohaririwa kuwa saa moja inaingia kwenye BD-R, diski tupu ya kawaida ya Blu-ray, na nafasi inabaki. Kwenye HD DVD ya tabaka moja ingekatika kabla maharusi hawajakata keki. Diski tupu za HD DVD zilikuwepo, lakini mpya hazipatikani, na hata ukizipata utamkabidhi mteja kitu asichoweza kukifungua.

Ndani ya Blu-ray yenyewe kuna kuchagua: gigabaiti 25, 50, na tangu 2010 zipo BDXL za 100 na 128. Mimi hununua za 25. Tabaka moja lina mambo machache ya kuharibika, kila kichomaji cha Blu-ray kinalikubali, na diski ikifa nimepoteza harusi moja badala ya nne. Gigabaiti 50 nazitumia kazi ikiwa ya 4K, kwa kuwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Za 100 zinataka kichomaji chenye alama ya BDXL, na bei yake kwa kila gigabaiti huwa juu. Usishangae kompyuta ya Windows ikikuonyesha 23.3 badala ya 25; hujaibiwa, inahesabu kwa 1,024 mahali ambapo kiwanda kinahesabu kwa 1,000.

Soma maandishi ya kifurushi. Ukiona herufi LTH, rudisha. Hizo zimetengenezwa kwa rangi ya kikaboni, kama DVD-R, na bei yake ni nafuu kuliko BD-R za kawaida zenye madini. Niliwahi kununua kifurushi cha namna hiyo bila kutazama. Baada ya miaka sita, diski tatu kati ya kumi hazikusomeka, na moja ilikuwa ya mazishi ya mzee wa jirani yetu. Familia ilikuwa na nakala nyingine. Ingekuwa haina, sijui ningewaambia nini.

Kuna upepo mmoja wa kuuangalia. Januari 2025 Sony ilitangaza kusitisha kutengeneza diski tupu za Blu-ray. Wengine, kama Verbatim, bado wanauza, na filamu bado zinachapwa, lakini idadi ya watengenezaji inapungua. Wenye HD DVD walikwisha pitia hali hii: diski zao zilikuwa nzima, gigabaiti zote 30 zimo, deki ndizo zilizoadimika. Kwa hiyo nilipoona tangazo lile nilinunua kisomaji cha pili cha USB. Sijakitumia. Kiko kabatini kwenye boksi lake, rafu moja na diski za harusi.